Msaada Usio na Njia ya Kurudi

Kila ifikapo Julai 30, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2013 kuwa ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu duniani, mabango hutundikwa katika ofisi za umma na viwanja vya ndege, na mengi kati yake hubeba picha zinazofanana: mikono iliyofungwa minyororo, mdomo uliozibwa na kiganja cha mtu asiyeonekana uso, mtoto aliyejikunyata kwenye kona yenye giza. Picha hizo zina asili yake. Mkunazini, Unguja, karibu na mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 katika zama za Sultani Barghash, zimejengwa sanamu za watu waliosimama shimoni wakiwa na minyororo shingoni, na kumbukumbu ya namna hiyo ndiyo iliyowafunza wakazi wengi wa Afrika Mashariki jinsi mtu aliyeuzwa anavyopaswa kuonekana. Matokeo yake ni kwamba jamii imezoea kutafuta mnyororo, na inapoukosa hujiridhisha kwamba hakuna lililoharibika.

Hoja ya makala haya ni kwamba dalili za biashara ya binadamu katika zama hizi hupatikana mara nyingi zaidi katika mambo yanayohesabiwa kuwa wema: shangazi anayemchukua binti wa kijijini ili amsaidie, wakala anayejitolea kulipa tiketi ya ndege, familia ya mjini inayosema kwamba inamlea mfanyakazi wake kama mtoto wa kuzaa. Kinachotenganisha msaada wa kweli na biashara hiyo ni swali moja ambalo majirani, walimu na hata wazazi huliogopa: je, mtu huyu akitaka kurudi kwao kesho, anaweza? Palipo na msaada, njia ya kurudi hubaki wazi hata kama ni ndefu. Palipo na biashara, njia hiyo huzibwa, mara nyingi kidogo kidogo, na kila kizibo huambatana na maelezo yanayoingia akilini.

Sheria inavyolitazama jambo hili

Kosa linaloitwa usafirishaji haramu wa binadamu nchini Tanzania, na ambalo nchini Kenya hutajwa zaidi kama ulanguzi wa binadamu, lilipata maana yake ya kimataifa katika Itifaki ya Palermo iliyopitishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika Desemba 2003. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008, ya Uganda ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2010 zote zimejengwa juu ya msingi huo, ambao unataka mambo matatu yakutane: tendo, yaani kumwajiri, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea mtu, njia, yaani nguvu, vitisho, hila, au kuutumia udhaifu wa mtu asiye na pa kushika, na lengo, ambalo ni unyonyaji, uwe wa kingono, wa kazi ya shuruti au wa namna nyingine. Mtoto, yaani kila aliye chini ya umri wa miaka 18, amewekewa ulinzi mkubwa zaidi, kwa kuwa kwake njia haihitaji kuthibitishwa: aliyemchukua kwa lengo la kumnyonya ametenda kosa hata kama hakumdanganya wala kumlazimisha, na ridhaa ya mtoto au ya mzazi wake haiwezi kuwa kinga.

Mambo mawili katika ufafanuzi huo husahauliwa sana. La kwanza ni kwamba hakuna mpaka wa nchi unaopaswa kuvukwa. Safari ya kutoka kijijini hadi mji mkuu wa mkoa inatosha. La pili ni kwamba kumpokea mtu kumewekwa sawia na kumsafirisha, jambo linalomaanisha kwamba dalali siye pekee anayeweza kuwa mkosaji, kwani mwenye nyumba aliyefungua mlango akijua kwamba atamtumikisha mtoto bila malipo naye yumo.

Ni vema pia kutofautisha kosa hili na magendo ya wahamiaji, ambapo mtu humlipa mwingine ili amvushe mpaka kinyume cha sheria kisha kila mmoja akashika njia yake. Vijana wa Ethiopia wanaopita Kenya na Tanzania wakielekea Afrika Kusini mara nyingi huanza safari kwa namna hiyo. Hata hivyo, wavushaji wanapowazuilia njiani na kudai fedha zaidi kutoka kwa ndugu zao, au kuwatumikisha ili walipe deni, safari iliyoanza kwa hiari imekwisha kugeuka utumwa, na askari anayewaona kama wahamiaji haramu tu atakuwa amewafunga walioonewa na kuwaacha waliowaonea.

Baada ya mtihani wa darasa la saba

Nchini Tanzania mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na sekondari hufunguliwa Januari. Miezi hiyo ya katikati ni msimu wa mavuno kwa watafutaji wa wasichana wa kazi. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia mwaka 2016, lakini sare, madaftari na chakula bado humgharimu mzazi, na katika mikoa kama Iringa, Singida na Dodoma, ambako wasichana wa kazi za ndani wa Dar es Salaam wamekuwa wakitoka kwa miaka mingi, nyumba yenye watoto sita na mahindi yaliyokauka shambani haihitaji kushawishiwa sana ili ikubali kupunguza mdomo mmoja.

Anayekuja kumchukua binti kwa kawaida hana sura ya kutisha. Aghalabu ni mwanamke, anafahamika, huenda anasali na mama mzazi kanisa moja au ni binamu wa baba, na maneno yake yana heshima zote. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hapa usemi huo si wa kutia chumvi, maana dalali mgeni kabisa asingepewa hata maji ya kunywa. Kwa sababu hiyo, onyo la kuwaepuka watu wasiojulikana, ambalo hurudiwa katika kampeni nyingi, halimsaidii mzazi huyu kwa lolote.

Kinachoweza kumsaidia ni kuipima ahadi yenyewe. Ahadi ya kweli huwa na mipaka na huwa na anwani: kazi ni hii, mshahara ni huu, mwenye nyumba anaitwa fulani, anaishi mtaa fulani, na simu yake ikipigwa anapokea. Ahadi ya dalali huwa pana mno upande wa manufaa na nyembamba mno upande wa maelezo. Binti atalipwa, atasomeshwa jioni, atajifunza cherehani, na nyumbani patatumwa fedha kila mwezi; lakini jina la mwajiri halijulikani bado, mtaa utajulikana wakifika, na basi linaondoka alfajiri ya kesho kwa hiyo hakuna muda wa kumtaarifu baba mdogo aliyeko wilayani. Haraka hiyo ni dalili. Ombi la kutomwambia mwalimu mkuu wala mtendaji wa kijiji ni dalili kubwa zaidi, na maelekezo kwamba binti akiulizwa umri aseme ana miaka 18 yanatosha peke yake kumfanya mzazi aukatae mpango mzima.

Hali ni hiyohiyo, na pengine ni mbaya zaidi, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo waliochukuliwa kutoka Tanzania na kupelekwa Nairobi kuombaomba barabarani, huku wazazi wao wakiwa wameahidiwa matibabu au maisha mazuri. Mtoto anayeketi kwenye kiti cha magurudumu juani tangu asubuhi hadi usiku, na ambaye kila baada ya saa kadhaa mtu mzima hujitokeza, akachukua sarafu zilizomo kopoini na kutoweka, yuko kazini, na mwajiri wake ni yule aliyetoweka. Mpita njia anayedondosha shilingi zake kwa huruma hujiona ametenda jema, kumbe amemlipa mwajiri.

Mshahara unaotunzwa

Shirika la Kazi Duniani, ILO, limeorodhesha viashiria 11 vya kazi ya shuruti, yaani kazi anayofanya mtu kwa kuogopa adhabu na bila hiari yake. Miongoni mwake kuna kudanganywa, kutengwa na watu, kuzuiwa kutoka, kunyang'anywa vitambulisho, kuzuiliwa mshahara na kufungwa kwa deni. Orodha hiyo inaposomwa haraka huonekana kama inazungumzia migodi ya mbali au viwanda vya uchochoroni, ilhali sehemu yake kubwa inaweza kukaguliwa jikoni, katika nyumba yenye geti zuri na mwenye nyumba anayeheshimika mtaani.

Mfano ulio karibu zaidi ni mshahara. Katika nyumba nyingi za mijini kuna maelezo yaliyozoeleka kwamba fedha za dada wa kazi haziwekwi mkononi mwake kwa sababu ni mdogo na atazichezea, kwa hiyo anatunziwa na atapewa zote siku akienda kwao. Maelezo hayo yana sauti ya mlezi. Lakini fedha zinazotunzwa hazina daftari, hazina risiti, na hukatwa bila hesabu kila sahani inapovunjika au nguo inapoungua pasi. Na siku binti anapotaka kuondoka huambiwa asubiri hadi mwisho wa mwezi, kisha hadi apatikane mwingine, kisha hadi sikukuu. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya Tanzania ya mwaka 2022 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kama malipo ya chini kabisa ya mfanyakazi wa ndani, kiasi ambacho kaya nyingi hukitumia kwa vocha na king'amuzi bila kuona uzito, na bado kuna zinazokizuilia mwaka mzima. Mfanyakazi asiye na nauli ya basi amefungwa kwa uhakika zaidi kuliko aliyefungiwa mlango.

Namna nyingine ni mshahara unaotumwa moja kwa moja kwa aliyemleta. Kila mwisho wa mwezi mwenye nyumba hutuma fedha kwa simu kwenda kwa yule aitwaye shangazi, naye anadaiwa kuzifikisha kijijini. Binti hajui ni kiasi gani, na mama yake hajui kama zimetumwa. Mwenye nyumba anaweza kuwa mwaminifu kabisa katika kutuma, na bado akawa anamlipa dalali kodi ya binadamu.

Dalili nyingine hujidhihirisha kwa jirani bila kuhitaji upelelezi wowote. Binti hana simu, au anayo lakini huzungumza na kwao kwa spika mbele ya mwenye nyumba, kwa dakika mbili, akijibu kwamba yuko salama. Akiulizwa jina na mgeni, mwenye nyumba humjibia. Hajui jina la mtaa anaoishi ingawa ana miezi minane hapo. Analala sebuleni baada ya wote kulala na kuamka kabla ya wote kuamka, na watoto wa nyumba hiyo, mmoja wao akiwa rika lake, hupita na sare za shule huku yeye ameshika ndoo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ni kweli; lakini waliotunga methali hiyo walimpa mgeni jembe, hawakumnyang'anya njia. Je, anayesema kwamba binti huyu ni kama mwanawe angekubali mwanawe wa kuzaa alelewe hivi popote?

Ni haki kusema kwamba zipo kaya nyingi zinazomlipa mfanyakazi kwa wakati, zinazompa siku ya mapumziko na kumpeleka kwao Krismasi au Idi, na si vema kila nyumba yenye dada wa kazi itazamwe kama pango la wanyang'anyi. Dalili moja peke yake haithibitishi kosa. Zinapokutana tatu au nne, na zote zikaelekea kwenye kumzuia mtu asiondoke, hapo kunyamaza kwa jirani hakuwezi tena kuitwa adabu.

Pasipoti mkononi mwa kafili

Kwa wanaokwenda Oman, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na nchi jirani zake, njia ya kurudi huzibwa kwa karatasi. Chini ya mfumo wa kafala, kibali cha ukaazi cha mfanyakazi hufungamanishwa na mwajiri anayeitwa kafili, na ingawa baadhi ya nchi hizo zimeulegeza mfumo huo katika miaka ya karibuni, mfanyakazi wa ndani ndiye aliyefaidika kidogo zaidi, kwa sababu kazi yake hufanyika ndani ya nyumba ya mtu ambako mkaguzi hafiki. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu ilieleza jinsi pasipoti zilivyochukuliwa, mishahara ilivyopunguzwa au kunyimwa, na jinsi waliotaka kuondoka walivyotakiwa kwanza kurudisha gharama ambazo mwajiri alimlipa wakala. Deni hilo mfanyakazi hakulikopa, hakuliona, wala hajui ukubwa wake, lakini analilipa kwa mwili wake.

Ishara za mapema huonekana kabla ndege haijaruka. Viza iliyotolewa ni ya matembezi, si ya kazi. Mkataba utasainiwa kulekule, au upo lakini umeandikwa kwa Kiarabu pekee. Msafiri amefundishwa kumwambia ofisa uhamiaji kwamba anakwenda kumtembelea dada yake. Safari inapitishwa nchi jirani badala ya kuanzia nyumbani, mtindo ulioshamiri zaidi kila serikali ilipotangaza marufuku, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2014, kwa kuwa marufuku hiyo haikuondoa njaa iliyowasukuma watu bali ilihamisha tu mlango wa kutokea. Pasipoti inapochukuliwa kwa kisingizio cha kuitunza, hakuna tafsiri nyingine inayohitajika: mtu mzima hutunza pasipoti yake mwenyewe, na sheria ya Kenya inahesabu kuzuia hati za kusafiria za mtu kwa lengo la kumnyonya kuwa kosa linalojitegemea.

Wenye shahada nao hunaswa

Imani kwamba elimu ni kinga ilipata pigo pale vijana wa Kenya na Uganda, baadhi yao wakiwa na shahada na ujuzi wa kompyuta, walipojikuta katika makambi ya utapeli wa mtandaoni huko Myanmar. Walikuwa wameahidiwa kazi za huduma kwa wateja au za kufundisha Kiingereza nchini Thailand. Walifika Bangkok kwa viza ya utalii, wakasafirishwa kwa gari hadi mpakani Mae Sot, wakavushwa Mto Moei usiku na kujikuta Myawaddy, ndani ya makambi yenye ulinzi wa silaha, ambako walilazimishwa kuwatapeli watu wa Ulaya na Marekani kwa mapenzi ya uongo na uwekezaji hewa. Serikali ya Kenya ilianza kutoa tahadhari mwaka 2022, na mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walipotolewa katika makambi hayo, Waafrika Mashariki walikuwamo.

Hawa hawakudanganywa kwa sababu ya ujinga. Walidanganywa kwa sababu tangazo liliandikwa kwa lugha waliyotaka kuisikia baada ya kutafuta kazi kwa miaka. Hata hivyo tangazo lilikuwa na nyufa zake: mahojiano ya dakika kumi kwa WhatsApp, mshahara mkubwa usiolingana na kazi, kampuni isiyo na ofisi inayoweza kutembelewa, na tiketi iliyokatwa haraka na mwajiri ambaye hakuomba hata cheti. Mwajiri asiyejali ujuzi wa anayemwajiri anatafuta kitu kingine.

Jirani, mzazi na mlango wa serikali

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na pengine ndiyo maana dalili zilizo wazi hivyo huonwa na mtaa mzima zisiripotiwe na yeyote. Wengine huogopa kuvunja ujirani, wengine huogopa kukosea. Hofu ya pili ina msingi, kwa kuwa anayemkabili mwenye nyumba kwa hasira huweza kusababisha binti ahamishwe usiku huohuo. Njia iliyo salama ni kuzungumza naye akiwa peke yake, dukani au bombani, kisha kulifikisha jambo kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Na kwa mtoto, namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya. Anayeripoti hatakiwi kuthibitisha kosa, anatakiwa kueleza alichokiona.

Kwa familia inayomsindikiza mtu ng'ambo, tahadhari haina gharama kubwa: nakala ya pasipoti na ya mkataba ibaki nyumbani, wakala athibitishwe kwa mamlaka ya kazi kabla ya kulipwa chochote, na pawe na neno la siri, lililokubaliwa na watu wawili tu, ambalo msafiri akilitaja katika mazungumzo ya kawaida nyumbani pajulikane kwamba hayuko huru kusema.

Anayerudi mikono mitupu

Kuna dalili zinazokuja baada ya yote, ambazo ndizo zinazosomwa vibaya zaidi. Mwanamke aliyekaa Ghuba miaka miwili hurudi na mfuko mmoja wa plastiki, hasemi, hataki kutembelewa, hushtuka mlango unapogongwa. Ndugu waliouza kiwanja au kuchukua mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) ili kumpata wakala humuuliza fedha ziko wapi, na mtaa humtungia hadithi. Kukopa harusi, kulipa matanga: deni lililokopwa kwa matarumbeta hubaki mlangoni, na mdaiwa ni mtu ambaye hakulipwa hata senti. Katika mazingira hayo hakuna anayemuuliza kuhusu wakala, ingawa ni mwanamke huyo aliye na jina la wakala, namba yake ya simu, ujumbe wa malipo na picha ya nyumba aliyofikia, vitu ambavyo mpelelezi angevihitaji kabla ya kingine chochote.

Mficha uchi hazai, lakini familia huficha kwa sababu nyingine pia: wakala ni ndugu. Kikao hukaliwa, wazee huomba jambo limalizwe nyumbani, dalali hutoa fidia kidogo ya nauli na kuomba radhi, na kesi ambayo ingefunguliwa chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 au ya Kenya ya mwaka 2010 hufungwa kwa chai na maandazi. Serikali inapolaumiwa kwamba hukumu ni chache, sehemu ya jibu imo katika vikao hivyo. Dalali hatoki hapo akiwa ameonywa; anatoka akiwa amejua bei ya kosa lake, nayo ni ndogo kuliko faida, na mtihani wa darasa la saba utafanyika tena Septemba.